Kuonja mvinyo Langhe, Piemonte: mara ya pili ndiyo niliyoifaidi

Nimekwenda Langhe, vilima vya mvinyo kaskazini-magharibi mwa Italia, mara mbili. Mara ya kwanza nililipia ziara ya basi kutoka Torino: vijiji vitatu kwa siku moja, kila ghala la mvinyo dakika 20, bilauri zimeshamiminwa kabla hatujakaa. Nilirudi na picha nyingi, nisijue nimekunywa nini. Oktoba iliyopita nikapanda treni hadi Alba, mwendo wa saa moja na ushee, kisha teksi mpaka kwa familia moja yenye shamba dogo upande wa Serralunga d'Alba. Nilikuwa nimewapigia simu wiki moja kabla. Ninayoyaandika hapa ni ya safari hiyo.

Shangazi yangu ana ekari mbili za zabibu Hombolo, Dodoma, na utotoni nimechuma mpaka vidole vikanata. Kwetu mzabibu haulazwi na baridi. Mkulima ndiye anayeulaza na kuuamsha kwa kupogoa, na ndiyo maana anavuna mara mbili kwa mwaka. Nilipomweleza mwenye shamba, mzee wa miaka sabini hivi, alisimama katikati ya safu akaniuliza maswali mengi kuliko niliyokuwa nimemwandalia yeye. Kwao ni mavuno mamoja tu, na Nebbiolo, aina yao ya zabibu nyekundu, ndiyo inayowanyima usingizi: inachipua mapema, baridi ya mwisho inaweza kuunguza machipukizi, halafu inaiva nyuma ya wenzake wote, Oktoba, ukungu umeshaanza kujaa mabondeni. Wengi husema jina lake limetokana na nebbia, yaani ukungu.

Kwa hiyo haipandwi popote. Mteremko unaotazama kusini, ambako theluji huyeyuka kwanza, wanauita sorì, na hapo ndipo Nebbiolo inapokaa. Aina nyingine za zabibu zinapata zilizobaki: Barbera inapewa pembeni, Dolcetto sehemu zenye ubaridi, na mgongo wa kilima unaotazama kaskazini unaachiwa miti ya nocciola, zile kokwa zinazotiwa kwenye chokoleti za Alba.

Tukaingia kuonja. Bilauri tano, euro 30, pamoja na jibini na vijiti vya mkate. Dolcetto ilitangulia. Jina lake ni kama kusema "katamu", lakini mvinyo wenyewe hauna sukari. Ni wa kunywea chakula cha kila siku. Barbera ikafuata, chachu ya kumtoa mtu mate, nzuri sana na nyama yenye mafuta. Ya tatu ilikuwa Langhe Nebbiolo, ambayo haikuwekwa muda mrefu.

Halafu zikaja Barolo mbili, mvinyo mwekundu maarufu wa huku, za mavuno ya mwaka ule ule: moja ya Serralunga na moja ya kijiji cha La Morra, maana familia ina kipande kingine huko. Zote ni Nebbiolo tupu, na sheria yao ni moja: miezi 38 kabla ya kuuzwa, 18 kati ya hiyo ndani ya pipa la mti. Rangi ilinishangaza. Niliweka kidole nyuma ya bilauri nikakiona. Ukinusa unapata waridi, na nyuma yake lami. Ya La Morra ilipita laini. Ya Serralunga ilinishika ulimi na fizi, ukakasi ule ule wa kutafuna ndizi mbichi, ila ulipoachia, harufu ya waridi ilirudi na kukaa. Mzee alitoka nje akaleta mabonge mawili ya udongo. La La Morra lilivunjika kiganjani mwangu. La Serralunga, ambao ni udongo wa kale zaidi, nililibana nikashindwa. Kwenye basi hakuna aliyenionyesha jambo hilo, na kwangu hilo peke yake lilitosha nauli.

Nilipokuwa pale ghalani mbele ya mapipa, nilimfikiria shangazi. Zabibu zake zikikosa mnunuzi kwa siku chache, zimeoza. Hapa pesa ya mkulima inalala zaidi ya miaka mitatu, na anaweza kuiacha ilale.

Kasoro: teksi ya kurudi. Niliyemlipa asubuhi hakutokea, nikangoja saa nzima barabarani na giza linaingia. Panga ya kwenda na kurudi, na uwe na namba ya pili. Chakula cha mchana pia hawana, kuleni Alba kwanza. Mwenye mfuko mdogo aulizie Barbaresco, mvinyo wa jirani: ni Nebbiolo ile ile, inakaa miezi 26, na kwa kawaida bei yake iko chini kidogo.

Nilinunua Dolcetto mbili kwa euro 10 kila moja, na Barolo moja ya Serralunga kwa 42. Kabla ya kuifunga kwenye karatasi, mzee alichukua kalamu akaandika nyuma ya lebo mwaka wa kuifungua: 2034.