TAHADHARI TANGA: "Msaada wa kisheria" unaodai hela ya fomu

Wana Tanga wenzangu, hasa mliobanwa na mikopo ya kausha damu, someni hii kabla hamjatoa hata mia.

Kuna mtu mzima, faili la bluu kwapani, kofia ya kampeni ya msaada wa kisheria kichwani, ile ya Mama Samia iliyoanza 2023. Anazunguka Ngamiani na Soko la Mgandini akiulizia wenye madeni. Anajiita msaidizi wa kisheria. Mimi nauza mitumba. Nilikuwa nadaiwa sehemu nne, milioni sita na ushee, marejesho kila siku, mpaka nikawa nafunga kibanda saa tisa kukwepa watu. Akaniambia, "Mama, tunaomba mahakama ikutangaze mufilisi, madeni yote yanakufa. Huduma ni bure, unalipia fomu tu."

Fomu 80,000. Wiki ya pili, muhuri wa Mahakama Kuu, 150,000. Halafu tangazo la gazeti, 120,000. Zote nilituma kwenye namba ya simu, na jina lililotokea ni la mwanamke. Nikauliza. Eti mhasibu wao. Mwisho akataka hati ya kiwanja changu cha Mikanjuni, akanishauri nikihamishie kwa dada yangu "kabla mahakama haijakiona". Hati inakaa kwa mama mkubwa, naye akagoma kuitoa bila kumwona huyo mwanasheria uso kwa uso. Mwanasheria hakwenda.

Nilipoona kimya nikachukua namba ya shauri aliyoniandikia, nikaenda nayo masjala ya Mahakama Kuu hapa hapa Tanga. Karani akaitafuta: ni mirathi ya mtu wa Korogwe. Akaniuliza, "Kumbukumbu namba uliyolipia iko wapi, mama?" Sikujua hata anauliza nini. Sasa najua. Ada ya mahakama hulipwa kwa kumbukumbu namba ya serikali (control number) na unapata stakabadhi, haiendi kwenye simu ya mtu.

Yule karani ndiye aliyenielekeza kwa wasaidizi wa kisheria wa kweli. Dada niliyemkuta hakugusia pesa. Msaada huo ni bure kwa Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017, na watoaji wake wamesajiliwa, cheti unaweza kukiomba ukione. Akaniambia wazi pia kwamba yeye hawezi kusimama mahakamani kwa niaba yangu, hiyo ni kazi ya wakili. (Jina la wakili utalitafuta kwenye mfumo wa e-Wakili wa Mahakama. La yule bwana halimo, nimeangalia kwa kila tahajia.)

Na ufilisi wenyewe, jamani, sio sabuni. Ukitangazwa, mali yako inatoka mikononi mwako, inasimamiwa na RITA (wakala wa serikali wa usajili, ufilisi na udhamini) au mdhamini aliyeteuliwa kuisimamia, inauzwa, wanaokudai wanagawana. Aliyeshika dhamana yako bado anaishika. Ukitaka mkopo mwingine kabla hujaachiliwa na mahakama, lazima umwambie mkopeshaji hali yako. Na ule ujanja wa kuhamisha kiwanja kwa dada? Mahakama inaweza kuutengua, na wewe ndiye utakayeonekana mdanganyifu. Kwa hiyo yule bwana, mbali na kuniibia, alikuwa ananisukuma shimoni.

Swali la kwanza la yule dada lilikuwa: hao wanaokudai wana leseni ya Benki Kuu? Kwa sheria ya huduma ndogo za fedha ya 2018 mkopeshaji lazima awe nayo. Wawili hawakuwa nayo. Waliobaki tumekaa nao, tumeandikishana marejesho ya kila mwezi badala ya kila siku. Ufilisi hatujauomba kabisa. Wanawake, TAWLA (chama cha wanasheria wanawake Tanzania) nao wana ofisi hapa Tanga, ulizeni.

Mimi nimeshafungua jalada polisi Chumbageni na nina RB (namba ya taarifa niliyopewa polisi). Kama na wewe alikuchukulia, nenda na ujumbe wa miamala usiufute, polisi waliniuliza huo kabla ya kitu kingine chochote. Ile namba yake ya zamani haipatikani tena. Juzi mwenzangu wa mitumba kaniambia kamwona gulioni Muheza, faili lile lile, kofia ile ile.