Jumamosi sita za balagha Kamalondo: maoni ya mwanafunzi aliyelipa

Kituo hiki cha balagha, yaani sanaa ya kushawishi kwa maneno, hakina kibao mlangoni. Kiko ndani ya lupango, yaani uwanja wa nyumba, wa familia, katika komini ya Kamalondo hapa Lubumbashi, nyuma ya kibanda cha fotokopi, nami nilikijua kupitia mfanyakazi mwenzangu ambaye, baada ya kusoma huko, alianza kuandika barua ambazo mkubwa wetu wa kazi alizisoma hadi mwisho. Nililipa dola 40 kwa Jumamosi sita, kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa sita mchana. Kazi yangu ni kuandika maombi na ripoti, na nilikuwa nimechoka kuona karatasi zangu zikipokewa, zikigongwa muhuri, kisha zikanyamaziwa.

Nianze na ubaya, kwa sababu ndio uliotangulia. Siku ya kwanza tulipewa kijitabu cha fotokopi chenye istilahi zaidi ya arobaini zilizopangwa kwa herufi, kila moja ikiwa na maelezo ya mstari mmoja, tukaamriwa tuzikariri kwa ajili ya jaribio la wiki iliyofuata. Nilizikariri, nikapata alama nzuri, na barua niliyoiandika Jumatatu yake ilikuwa mbaya kama zile za zamani. Isitoshe, kijitabu chenyewe kina makosa: metonimia na sinekdoke zimepewa mfano uleule mmoja, na anayetegemea karatasi hiyo peke yake hatazitofautisha kamwe. Sinekdoke huchukua sehemu ya kitu ikasimama badala ya kitu kizima, kama tunaposema kwamba shimo la mgodi linahitaji mikono mia moja ilhali tunataka watu. Metonimia, ambayo katika Kiswahili tunayo kama taashira, hutaja kitu kinachohusiana tu na kile tunachokikusudia, kama tunaposema kwamba kiti kimekataa ilhali aliyekataa ni mkuu anayekikalia.

Taashira inanikumbusha lalamiko langu la pili. Kijitabu kizima kimejaa majina ya Kigiriki na ya Kilatini, na hakuna mahali popote panapomwambia mwanafunzi kwamba metafora ni sitiari aliyoisoma utotoni, kwamba hiperboli ni chuku, kwamba anafora ni takriri inayokaa mwanzoni mwa sentensi. Watu wazima waliosema na kubembeleza kwa Kiswahili maisha yao yote waliketi wakidhani wanaletewa elimu ya ng'ambo.

Mambo yalibadilika Jumamosi ya tatu, mwalimu alipokiweka kijitabu kando na kuuliza ni nani aliye na barua anayotaka kuituma kweli. Mama mmoja anayeuza makala, yaani makaa ya kupikia, alitoa karatasi iliyokunjwa mara nne. Alikuwa anamwandikia mkuu wa masomo anakosoma binti yake, akiomba minervali, yaani karo ya shule, ilipwe kwa mafungu matatu. Barua ilianza hivi: yeye ni mama maskini sana, anateseka, anaomba kwa machozi, anapiga magoti. Mistari tisa ya machozi. Katika mstari wa mwisho kabisa, kando ya sahihi, alikuwa ameongeza kwamba kwa miaka mitatu amelipa bila kuchelewa hata mara moja.

"Mama," mwalimu alimwambia, "mali yako umeificha chini ya kitanda."

Hapo ndipo nilipozielewa nguzo tatu za kushawishi ambazo Aristotle, mwanafalsafa wa Kigiriki, alizitofautisha katika karne ya 4 kabla ya Kristo. Machozi yale yalikuwa pathosi, yaani kugusa moyo wa msomaji, na hayakuwa na kosa lolote isipokuwa kwamba yalifika mapema mno, kabla mkuu hajajua anayelia ni nani. Ile miaka mitatu ya malipo ilikuwa ethosi, yaani sababu ya kumwamini msemaji, na mwalimu alisisitiza jambo ambalo muhtasari mwingi hulisahau: kwa Aristotle, imani hiyo hujengwa na maneno yenyewe, haitegemei sifa ambazo mtu alikuwa nazo kabla hajafungua kinywa, na msomaji hutafuta humo busara, wema na nia njema kwake. Kilichokosekana kabisa kilikuwa logosi, yaani hoja na sababu zenyewe. Ni kiasi gani katika kila fungu? Tarehe ngapi? Kwa nini tarehe hizo? Mama alieleza kwamba makala huuzika zaidi umeme unapokatika sana, na kwamba hupokea fedha za kikundi chake cha akiba mwishoni mwa mwezi. Sababu hizo zilikuwa nzuri kuliko magoti yote, wala hakuwa amefikiri kwamba zinaandikika. Barua mpya ilianza na miaka mitatu, ikafuatiwa na tarehe na mafungu, na ikabaki na sentensi moja tu kuhusu binti. Ilisomwa kwa sauti, na darasa likanyamaza.

Somo la entimema nalo lilikuwa zuri. Hiyo ni hoja ambayo nguzo yake moja haisemwi, kwa kuwa msemaji anategemea msikilizaji aijaze mwenyewe. Mwalimu aliandika ubaoni tangazo kama yanayosikika mitaani kwetu: maji yetu ni ya foraji (kisima kilichochimbwa kwa mashine), kunyweni bila hofu. Akauliza ni sentensi gani iliyomezwa. Tulichukua muda kuiona: kila maji yanayotoka chini ya ardhi ni salama. Katika mji uliozungukwa na migodi, sentensi hiyo ikisemwa waziwazi mtu angesita kabla ya kuinywa. Tangu siku hiyo kila tangazo nalitafutia kilichomezwa, na wa nyumbani wameanza kunichoka.

Jumamosi ya nne tulisoma hotuba ya Patrice Lumumba ya tarehe 30 Juni 1960, siku ya uhuru wa Kongo, aliyoitoa Léopoldville (Kinshasa ya leo) mbele ya mfalme Baudouin wa Ubelgiji. Mwalimu alituagiza tukate neno "tumejua" kila linaporudi mwanzoni mwa sentensi, kisha tusome kilichobaki. Kilichobaki kilikuwa orodha ya mateso, kama ripoti. Tuliporudisha takriri, kila teso likawa ushahidi unaotolewa na shahidi yuleyule aliyekataa kuketi. Tulikaa pia juu ya swali lake la balagha, anapouliza ni nani atakayesahau kwamba mtu mweusi aliitwa "wewe", si kama rafiki, bali kwa sababu lile "ninyi" la heshima liliwekewa Wazungu peke yao. Tulibishana namna ya kulitafsiri kutoka Kifaransa, maana Kiswahili chetu huiweka heshima zaidi katika jina la kumwitia mtu, papa, mama au yaya (kaka au dada mkubwa), kuliko katika wewe na ninyi. Hakuna aliyehitaji kukumbushwa kwamba haikupita miezi saba baada ya hotuba hiyo, Lumumba akauawa karibu na mji huu huu, tarehe 17 Januari 1961.

Jumamosi mbili za mwisho zilipungua nguvu. Kairosi, yaani kuchagua wakati unaofaa, ilipewa dakika kumi, ingawa kwa anayeandikia ofisi za serikali ndiyo pengine istilahi ya thamani kuliko zote. Sehemu tano za kazi ya msemaji walizozifundisha Warumi, kuanzia kutafuta hoja hadi kuitamka, zilisomwa kwenye karatasi na kufungwa. Chumba ni kidogo kwa watu kumi na wanane, na ukichelewa utakaa karibu na mlango, ambako mashine ya fotokopi humeza nusu ya maneno.

Kwa dola 40 sijutii, ila ningelipa 50 kama kijitabu kingesahihishwa na majina ya Kiswahili kuwekwa kando ya yale ya Kigiriki. Niliyaandika mwenyewe, kurasa mbili, nikampa mwalimu siku ya mwisho. Alishukuru akayatia mfukoni. Atakayejiandikisha asiende mikono mitupu: achukue barua anayoihitaji kweli, tena ile iliyokwisha kukataliwa.