Trust Wallet kwa sisi wa Dodoma: apu iko poa, kazi ipo kwenye mitandao na yale maneno 12

Naanza na jibu maana najua wengi mtasoma juu juu muondoke. Kama unalipwa kwa USDT (sarafu ya kidijitali inayofuata thamani ya dola), au unalipia mzigo China kwa USDT, na simu ndo kila kitu chako, chukua Trust Wallet ya kwenye simu, ni waleti, yani apu ya kutunzia na kutumia sarafu za kidijitali. Naipa nyota nne kati ya tano. Hiyo moja niliyoibania nitasema kwa nini huko mbele.

Mi kazi yangu ni kuediti video, wateja wangu wengi wako nje, ukiwatajia habari ya kutuma benki wanaanza kulalamikia makato na siku za kusubiri kwahiyo tunamalizana kwa USDT. Na karibu wote wanatuma kupitia mtandao wa Tron, ile inayoandikwa TRC20 (mtandao hapa sio intaneti, ni njia ambayo sarafu inapita). Sasa hapo ndo uchaguzi wa waleti unapoanzia, sio rangi wala tangazo, ni kwamba hela yako inakuja kwa mtandao gani. MetaMask ni waleti nzuri tu, ipo toka 2016, ila ilizaliwa kwa ajili ya Ethereum na jamaa zake, hata Solana imekuja kuingizwa 2025. Phantom nayo ilianzia kwa watu wa Solana. Exodus inapendeza sana kwenye kompyuta, kwa mtu wa ofisini naielewa. Trust Wallet ilianza 2017, Binance wakainunua 2018, ni ya bure, na inashika mitandao zaidi ya 100, humo ndani Tron ipo, Bitcoin ipo, BNB ipo, Ethereum ipo, Solana ipo. Hiyo mia yote huihitaji, mi natumia mitatu tu, ila hiyo mitatu iko sehemu moja na kwa seti moja ya maneno 12, yale ya siri ya kufungulia waleti, nitayaeleza mbele.

Ila sasa usidhani ni kama M-Pesa. Kuna dada mmoja ana duka la viatu pale Majengo, anaagiza Guangzhou, siku ya kulipa mzigo akanipigia niende dukani. Nimefika ananionesha simu, USDT zipo pale zinaonekana kabisa.

"Mdogo wangu, hela naiona, haitoki."

"Inaandika nini dada?"

"Inaniambia TRX haitoshi. TRX ndo nini? Mi sijaomba TRX, mi nina dola zangu hapa."

Na ana haki ya kukasirika, maana hamna mtu aliyemwambia. Kila mtandao una sarafu yake ya kulipia gesi, yani makato ya kutuma. Ukiwa na USDT ya Tron unatakiwa uwe na TRX pembeni, ukiwa na USDT ya BNB unatakiwa uwe na BNB, ya Ethereum inataka ETH, na huko Ethereum siku mtandao ukijaa gesi inauma. Nikamrushia TRX kidogo, ameziona zimeingia, amebonyeza tuma, dakika haijaisha mchina ameshajibu ameiona. Kuna kitu kingine wengi hawakijui hapo hapo: kwenye Tron ukimtumia mtu ambaye adresi yake (ile namba ya kupokelea) haina USDT hata kidogo, makato yanakaribia mara mbili ya kumtumia ambaye tayari anayo. Kwahiyo usiweke TRX za kubana bana, weka za ziada. Na usinunue kwa kadi ndani ya apu, kile kitufe cha kununua kinakupeleka kwa kampuni za kati na makato yake sio ya kitoto, nunua kwenye eksichenji (soko la mtandaoni la sarafu) kwa P2P, yani mtu na mtu, halafu zihamishie kwako.

Adresi nazo zizoee kwa macho. Ya Tron inaanza na T kubwa. Ya Bitcoin saivi nyingi zinaanza na bc1. Ethereum, BNB, Polygon zote zinaanza na 0x, na hapa kuna jambo zuri la kujua, kwenye waleti yako adresi ya 0x ni ile ile moja kwa mitandao hiyo yote. Maana yake mteja akikutumia USDT kwa BNB wakati we ulimwambia Ethereum, usianze kulia, hela ipo, washa tu USDT ya mtandao wa BNB kwenye orodha ya tokeni na utaiona, tafuta BNB kidogo ya gesi endelea na maisha. Hii ndo faida halisi ya waleti ya mitandao mingi. Ila ukifanya makosa hayo hayo kwenye adresi ya eksichenji, yani ile ya kudipoziti, hapo ufunguo sio wako, unabaki kuwabembeleza wao, na wengine wanachaji kukurudishia au wanakwambia haiwezekani kabisa.

Kabla ya kutuma kiasi kikubwa tuma kidogo kwanza, dola mbili tatu. Najua mtasema makato mara mbili. Sawa, ila hamna kitufe cha kurudisha muamala huku, hamna huduma kwa wateja ya kupiga ukasema nimekosea namba. Na usikopi adresi kutoka kwenye historia ya miamala. Matapeli wanatengeneza adresi ambayo herufi za mwanzo na za mwisho zinafanana na ya mtu unayemtumiaga, wanakurushia visenti au hata sifuri, inakaa kwenye historia yako inakusubiri. Mei 2024 kuna mtu huko duniani alituma Bitcoin za kwenye Ethereum zenye thamani ya dola milioni 68 kwa adresi ya hivyo, bahati yake mwizi alirudisha. We wa laki tano nani atakurudishia. Angalia na herufi za katikati, au hifadhi adresi za wateja wako kwenye daftari la ndani ya apu uwachague kwa jina.

Haya, maneno 12. Apu ukiifungua mara ya kwanza na kutengeneza waleti mpya inakupa maneno 12 ya kiingereza, yanatoka kwenye orodha maalum ya maneno 2048, na hayo maneno ndo hela yenyewe. Simu sio hela, apu sio hela, PIN unayoweka ni ya kufungulia apu kwenye simu hiyo tu. Simu ikikwapuliwa pale Sabasaba unanunua nyingine, unaingiza maneno yako, salio linarudi lote. Ila vile vile mtu mwingine yeyote akiyaona, hata awe Brazil, anaingiza kwake na anakuwa wewe. Kwahiyo yaandike kwa kalamu kwenye karatasi, kwa mpangilio wake, na yasome tena herufi kwa herufi. Uzuri ni kwamba herufi nne za mwanzo za kila neno hazifanani na za neno lingine kwenye ile orodha, hata mwandiko wako ukiwa wa daktari ukiweza kusoma nne umepona.

Usipige skrinshoti. Hii watu wanaona ni woga wa wazee lakini Februari 2025 Kaspersky walitangaza kirusi walichokiita SparkCat, kilikuwa ndani ya apu zilizopo Play Store na App Store zenyewe, kazi yake kusoma picha za kwenye gallery kutafuta maneno ya hivi. Usijitumie WhatsApp, usiweke kwenye notisi za simu, na simu ikienda kwa fundi hakikisha fundi hajui hata kama una waleti. Trust Wallet wana njia ya kuhifadhi kwenye Google Drive ikiwa imefungwa kwa nywila, mi siitumii, lakini kwa mtu anayejijua kupoteza karatasi ni afadhali hiyo kuliko skrinshoti, ili mradi nywila iwe ndefu na sio jina la mtoto.

Na karatasi kwa Dodoma ina adui wake, mchwa. Nyumba nyingi za huku Nkuhungu na Nzuguni ukiacha karatasi kwenye boksi chini ya kitanda masika ikija ukirudi unakuta udongo. Mi nimeandika nakala mbili, kila moja nimeipiga lamination mwenyewe nyumbani (usipeleke stationery, yule kijana atayasoma, na printa zingine zinakumbuka), moja iko kwangu juu kwenye bati la kuhifadhia vyeti na nyingine iko kwa mama Kondoa kwenye bahasha iliyofungwa. Mama anajua ni karatasi muhimu, basi.

Kuna utapeli mmoja unazunguka Telegram, nitauandika kwa urefu maana umeundwa kwa ajili ya mtu mwenye tamaa kidogo na ujuzi kidogo, yani wengi wetu. Mtu anajifanya mshamba, anaandika "wadau mi mgeni, nina USDT zangu nashindwa kuzitoa, maneno yangu ni haya naombeni msaada," anayamwaga maneno yote 12 hadharani. We unaona mjinga huyo. Unaingiza maneno, kweli unakuta USDT ya maana, unajaribu kuitoa inakwambia haina TRX ya gesi. Unatuma TRX zako. Haitoki. Ile akaunti kwenye Tron imeshabadilishwa ruhusa, anayesaini ni adresi nyingine ambayo hunayo, na TRX zako anazichota mwenyewe. USDT ni chambo tu, ipo pale miezi na miezi, inavua TRX za wezi wadogo wadogo.

Tokeni usizozijua zikitokea kwenye waleti usiziguse, hasa zenye jina la tovuti. Na ukiunganisha waleti na tovuti ya kubadilishia kama PancakeSwap ujue unapoidhinisha mara nyingi unaipa ruhusa ya kuchukua tokeni hiyo bila kikomo, ukimaliza ingia revoke.cash uifute. Mi nina waleti mbili kwa ajili ya hilo, ya kuchezea na ya kuwekea, maneno tofauti kabisa.

Ile nyota niliyoibania ni ya ekstensheni ya Chrome, ile Trust Wallet ya kubandika kwenye browser ya kompyuta. Desemba 2025 toleo lake la 2.68 lilikutwa na programu ya wizi imepachikwa ndani, zikaondoka kama dola milioni 8.5 za watu, kampuni ikasema itawafidia. Apu ya simu haikuhusika. Lakini kwa mtu wa huku anayetumia kompyuta ya ofisini au ya kibanda cha intaneti, mi nasema hiyo ekstensheni achana nayo, simu inatosha.

Kutoa hela iwe shilingi, usitumie waleti moja kwa moja na mtu uliyekutana naye mtandaoni. Hamisha USDT kwenda eksichenji uuze kwa P2P ambapo wao wanaishikilia mpaka uthibitishe umelipwa, na uthibitishe kwa kuangalia salio la M-Pesa au Mixx kwa kupiga menyu, sio kwa kusoma meseji, meseji feki zinafanana na za kweli mpaka nukta. Jina la aliyetuma lisipolingana na la kwenye oda usiachie. Na tusidanganyane kuhusu sheria, BoT (Benki Kuu) walishatangaza Novemba 2019 kwamba pesa halali hapa ni shilingi na hizi sarafu hazitambuliki, halafu Sheria ya Fedha ya 2024 ikaweka kodi ya zuio ya asilimia 3 kwenye malipo ya kuhamisha mali za kidijitali. Yani haujakatazwa kulipa kodi, ila ukilizwa usitegemee BoT ikutetee.

Ukishafika kiasi ambacho kikipotea hulali, nunua kifaa, Ledger au Trezor, kinakaa na funguo nje ya simu. Agiza kwa mtengenezaji mwenyewe. Kuna watu wanauza vya mkononi, bei nzuri, boksi limefungwa vizuri, ndani kuna kadi imeshaandikwa maneno 24 tayari "ili usihangaike". Hicho mrudishie mwenyewe, hayo maneno anayo na yeye.