Kutoa hewa kwenye Prius: faneli au mashine ya kuvuta?

Hita inapuliza baridi, maji yanagugumia nyuma ya dashibodi: kuna hewa imenaswa kwenye mfumo wa kupoza injini. Mafundi hubishana namna ya kuitoa.

Faneli ni bei poa. Injini ikiwa imepoa, unaibana kwenye mdomo wa kujazia, unamimina kulanti (maji ya kupozea injini), unawasha na kusubiri mapovu yapande. Tatizo la haibridi (gari la petroli na umeme) kama Prius ni kwamba injini hujizima yenyewe kabla thamostati, vali inayopitisha kulanti injini ikipata moto, haijafunguka. Usipoiingiza kwenye hali ya matengenezo ili iendelee kunguruma, utashika faneli hadi magharibi.

Mashine ya kuvuta ni ghali na bila kompresa ni pambo tu. Lakini inanyonya mpaka mipira ya rejeta inasinyaa, kisha kulanti inaingia yenyewe, hewa haina pa kujificha. Mshale wa geji ukirudi nyuma, umejua pana uvujaji kabla ya kumwaga tone. Hapo faneli haioni ndani.

Inveta, kifaa kinachogeuza umeme wa betri uendeshe mota, ina mzunguko wake wa kulanti na pampu yake ya umeme. Weka gari READY (tayari kuondoka), chungulia tanki lake: maji yakichezacheza, pampu hai. Yakitulia tuli, usihangaike na mapovu, anza na pampu.

Gari moja na Jumamosi nzima? Faneli yatosha. Gereji inayopokea haibridi kila siku, nunueni mashine. Ila hewa ikirudi tena na tena, hasa kwenye Prius za 2010 hadi 2015, pimeni gasketi ya silinda hedi: ikipasuka, gesi ya injini huingia kwenye kulanti.