Walipokea malipo ya awali, kisha wakaniambia nyumba haina miguu

Nimejenga nyumba yangu ya Goba, Dar es Salaam, kidogo kidogo kwa miaka mingi na "kesho" za mafundi nimezizoea. Ndiyo maana ilipofika zamu ya kupaua niliamua kulipa zaidi na kwenda kwa kampuni iliyosajiliwa, yenye ofisi, muhuri na mkataba wa kuchapwa. Mkataba ulieleza bila kificho kwamba kazi ingeanza ndani ya siku saba tangu kupokelewa kwa malipo ya awali ya asilimia 40. Fedha zilipokelewa siku hiyo hiyo, tena kwa bashasha, na baada ya hapo hapakuonekana fundi wala ubao mmoja.

Lau ingekuwa kuchelewa tu, ningenyamaza, maana mbao huadimika, magari huharibika na watu hufiwa. Ninachoshindwa kukisamehe ni jibu nililopewa nilipokwenda ofisini kwao, wakati mawingu ya masika yameshaanza kujikusanya na kuta zangu zimesimama wazi hadi kwenye lenta, ule mkanda wa zege juu ya milango na madirisha. Msimamizi wa kazi, kijana ambaye ningeweza kumzaa, hakuitikia vizuri salamu yangu wala hakunionyesha kiti, aliendelea kupekua simu yake, kisha akasema, "Mama, mbona una presha hivyo? Nyumba haina miguu, haitakimbia." Wenzake wakacheka. Fedha zangu wanazo, mkataba wenye saini yao ninao mkononi, halafu mwenye kuchekwa ni mimi!

Nilitoka pale nikiwa sina haja tena ya paa lao. Nilitaka fedha zangu. Shemeji yangu, ambaye ni wakili, alinituliza na kunieleza kwamba Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, haimwachi mwenye nyumba mikono mitupu. Pale ambapo muda ni sehemu ya msingi ya makubaliano na upande mmoja ukashindwa kuuzingatia, kifungu cha 55 kinaupa upande wa pili haki ya kuuvunja mkataba, na kifungu cha 73 kinaruhusu kudai fidia ya hasara iliyotokana na ukiukaji huo. Alinitahadharisha pia juu ya jambo ambalo naamini wengi hawalijui: ukimkubalia mkandarasi aanze akiwa amechelewa, nawe usimpe taarifa wakati huo kwamba bado unakusudia kudai fidia, haki ya kuidai kwa ucheleweshaji ule unaipoteza. Kwa hiyo tabasamu la "haya, karibuni, anzeni" linaweza kukugharimu.

Tukaandika notisi ya madai yenye tarehe ya mwisho ya kuanza kazi. Ilieleza kwamba tarehe hiyo ikipita mkataba utakuwa umevunjika na malipo yote ya awali yarejeshwe. Kwamba malalamiko yatafikishwa Bodi ya Usajili wa Makandarasi, ambayo ndiyo huwasajili na kusimamia mwenendo wao. Na kwamba fedha zisiporudi tutakwenda Mahakama ya Mwanzo, kwa kuwa deni ninalowadai halikufikia kikomo cha shilingi milioni 30 cha madai ya mikataba mahakamani hapo. Nilihakikisha nakala yangu imegongwa muhuri wa kupokelewa. Yule kijana aliisoma akiwa amesimama, na simu yake safari hii ilikuwa mezani.

Lori la mbao lilifika kabla ya tarehe tuliyoweka, na ndipo hasira yangu ilipopanda upya badala ya kushuka, kwa sababu kumbe lori lilikuwapo, mafundi walikuwapo, na kilichokosekana ni nia tu. Niliwaruhusu waanze, lakini nikawakabidhi kwanza barua ya kusema kwamba haki yangu ya kudai fidia iko pale pale.

Haki itendeke: kazi yenyewe ni nzuri. Kenchi za kubeba bati zimenyooka, mbao zimepakwa dawa ya mchwa, bati halikuvuja hata mvua kubwa ya Aprili iliponyesha, na kiongozi wa mafundi alikuwa mzee mwenye adabu aliyeniita "mama" bila kejeli. Nilipoanza kuandika nilikusudia kusema mtu yeyote asiwakaribie. Sasa nasema kwamba mwenye subira, mwenye wakili katika ukoo na asiyejali kuchekwa anaweza kuwajaribu, mradi kifungu cha kurejeshwa kwa malipo ya awali kiandikwe kabla hajatoa hata shilingi.

Ila nikilikumbuka lile neno la miguu, hata hilo naona nimewapendelea. Juzi wamenipigia, kwa upole wa ajabu, kuuliza kama kazi ya dari na plasta ingali ipo. Ipo, na nimeshampa mtu mwingine, ambaye atalipwa baada ya kufikisha mafundi na vifaa Goba.