LVM kwenye seva ya Ubuntu: uzoefu wangu siku diski ilipojaa

Jamani mnaotumia Ubuntu Server, kabla hujalipia diski kubwa piga vgs kwanza, naomba sana (ni amri inayoonyesha nafasi iliyobaki kwenye LVM, ule mfumo unaogawa diski kwa vipande unavyoweza kuvitanua baadaye). Mimi juzi usiku mfumo wa mauzo wa dukani uligoma, risiti hazitoki, naingia napiga df -h nakuta /dev/mapper/ubuntu--vg-ubuntu--lv (ndiyo yenye /, mzizi wa faili zote) imejaa 100% na ukubwa wake giga 19, wakati diski najua kabisa ni ya giga 40. Nikampigia bosi, akalipia ifike 80. Kumbe zile nyingine zilikuwepo muda wote! Ukisakinisha kwa LVM na diski yako iko kati ya giga 20 na 200, Ubuntu inaipa / nusu tu, nusu nyingine inabaki kwenye volyumu grupu (fungu la nafasi ambalo LVM inagawa), unaiona pale kwenye VFree ya vgs. Hela ya bosi imeniuma mpaka leo.

Haya, nikachukua bekapu, lsblk inaonyesha sda (diski nzima) giga 80 ila sda3 (kipande chake chenye LVM) bado 38. Nikapiga growpart /dev/sda 3 ili kutanua hicho kipande (hiyo 3 inakaa mbali, usiiunganishe na sda) ikakataa, eti hakuna nafasi. Hapa nilihangaika karibu saa nzima, kumbe growpart nayo inaandika vifaili vyake kwenye /tmp, na /tmp iko humohumo kwenye / iliyojaa. Dawa yake ni mount -t tmpfs -o size=10M tmpfs /tmp, yaani /tmp ikae kwenye RAM kwa muda, nikarudia, ikajibu CHANGED. Logi za zamani nikazipunguza kwa journalctl --vacuum-size=100M maana LVM nayo inataka pa kuandikia kwenye /etc/lvm, halafu pvresize /dev/sda3 ili LVM ijue sda3 imekua, mwisho lvextend -r -L +30G /dev/ubuntu-vg/ubuntu-lv. Hiyo -r ndo naipenda kuliko zote, inatanua na faili sistimu hapohapo, ext4 (ndiyo aina ya faili sistimu yangu) inakua huku seva inafanya kazi, hamna kuzima wala kuriboot.

Sikuimaliza nafasi yote, nimebakiza kama giga 29 za snapshoti (picha ya data ilivyo kwa wakati fulani), maana kuongeza ni dakika moja ila kupunguza ext4 lazima uishushe kwanza (uifanyie umount), na XFS, faili sistimu nyingine, ndo usitegemee kabisa kuipunguza.

Naipa LVM nyota 4, ya tano nimeinyima sababu ya ile nusu inayofichwa. Nikapiga umount /tmp, nikawasha databesi upya, saa saba usiku risiti ya kwanza ikatoka.