Behringer XR18 kanisani: tathmini ya miksa, na namna ya kuifikisha mbele ya baraza la wazee

Mzee wa kanisa akiiona Behringer XR18, miksa ya kuchanganya sauti za maiki na ala, ikiwa mezani, swali lake la kwanza huwa: vitufe viko wapi? Anachokiona ni boksi lenye matundu 16 ya maiki na ala, mawili zaidi yanayofaa kinanda, sita ya monita (spika za jukwaani wanazojisikia waimbaji) na mawili ya spika kuu. Kitelezi cha kupandisha na kushusha sauti hakuna hata kimoja. Kila kitu huendeshwa kwa tableti au kompyuta. Ukiiweka kando ya miksa ya zamani iliyojaa vitelezi, inaonekana duni. Ndiyo maana ombi lililoandikwa kwa picha na orodha ya sifa hukwama kwenye kamati ya fedha. Miksa hii inapaswa kusikilizwa kwanza, ndipo ijadiliwe.

Faida yake kubwa ni kwamba fundi mitambo haketi tena kwenye kona moja. Makanisa mengi miksa iko ubavuni mwa kwaya, mahali ambapo fundi husikia monita kuliko anavyosikia kile kinachowafikia waumini. XR18 hukaa jukwaani karibu na maiki, naye fundi hutembea na tableti hadi viti vya nyuma na kurekebisha sauti akiwa hapohapo. Na pale miksa ilipokuwa mbali na jukwaa, ile kebo nene ya mita 30 inayobeba maiki zote haihitajiki tena, na pamoja nayo huondoka viungio vyake vinavyokatika kila mara.

Kwa kanisa lenye kwaya kuu, kwaya ya vijana na kwaya ya uinjilisti, kumbukumbu zake 64 ni msaada mkubwa. Kila kwaya hupangiwa sauti yake siku ya mazoezi, inahifadhiwa, na Jumapili inarudishwa kwa kugusa mara moja. Malalamiko ya "nani ameharibu mipangilio yetu" hupungua sana.

Kuna sifa nyingine muhimu: mgawanyo wa sauti wa kujiendesha. Mhubiri na mkalimani wakisimama hatua moja kati yao, maiki zote mbili zikiwa wazi, kila moja huokota sauti ya mwenzake, maneno hupata mwangwi na maiki hukaribia kulia kwa mlio mkali. Ziweke maiki hizo mbili katika kundi moja la mgawanyo. Anayesema hupewa nafasi, aliyenyamaza hushushwa. Ukiongezea kichujio cha kukata sauti nzito chini ya hertzi 100 kwenye kila maiki ya maneno, ibada ya lugha mbili husikika vizuri zaidi kabla hujagusa kitu kingine.

Kabla ya kuandika ombi lolote, hesabuni matundu. Dramu za maiki tano, vinanda viwili vya stirio, besi moja na magitaa mawili hula 12. Kinanda kimoja ukikihamishia yale mawili ya ziada, 17 na 18, matundu ya maiki yaliyotumika ni 10 na waimbaji wamebakiwa na sita. Haitoshi kwa kwaya. Ukumbi mdogo hauhitaji maiki tano za dramu: mbili au tatu zinatosha, na kinanda cha pili kiingie kwa tundu moja. Hapo waimbaji na mhubiri hupata tisa au kumi. Ikiwa bado hazitoshi, msijidanganye. Angalieni miksa kubwa ya Behringer, X32, yenye matundu 32 ya maiki na vitelezi halisi 25.

Udhaifu wa XR18 ni waifai yake ya ndani. Hutumia masafa ya gigahertzi 2.4, yaleyale yanayojazwa na simu za waumini. Mazoezi ya Jumamosi huenda vizuri. Jumapili kanisa likijaa, tableti hupoteza mawasiliano. Sauti haikatiki, hilo wazee waambiwe mapema, ila fundi hawezi kubadilisha chochote. Na ikitoka kiwandani mtandao wake hauna nywila, kwa hiyo kijana yeyote mwenye programu ya kuiendesha miksa anaweza kuingia. Tiba ni ruta ya nje yenye gigahertzi 5: iunganishe na miksa kwa kebo ya mtandao, sogeza swichi ya miksa kwenye alama ya Ethernet, weka nywila isiyofanana na ya ofisi ya kanisa, wala usiiunganishe na intaneti. Pia weka kompyuta iliyochomekwa kwa kebo kwenye ruta hiyo, iwe akiba tableti ikigoma.

Hapa ndipo maombi mengi yanapoharibika baadaye. Kamati hupitisha bei ya miksa, kisha baada ya wiki mbili fundi anarudi kuomba ruta, halafu tableti, halafu UPS (betri ya akiba umeme ukikatika). Pesa ni kidogo, lakini mara ya tatu hakuna mzee anayemwamini tena. Wekeni yote kwenye karatasi moja tangu mwanzo: miksa, ruta, tableti na chaja yake, UPS ya miksa na ruta tu (vikuza sauti viache nje, vitaimaliza betri), boksi la kubebea, diai mbili (viboksi vya kuunganishia ala na miksa) za vinanda, na siku mbili za mafunzo kwa watu watatu. Watatu, kwa sababu akijua mmoja tu, siku akisafiri kanisa litarudi kwenye miksa ya zamani.

Jambo jingine la kusema ukweli: XR18 haitatibu kila kitu. Mvumo mzito unaotoka kinandani mara nyingi husababishwa na kinanda na miksa kuchukua umeme kwenye soketi tofauti; diai yenye swichi ya kukata athi ndiyo dawa. Spika zilizo nyuma ya wanaotumia maiki zitaendelea kuzifanya maiki hizo zilie. Kebo zilizovunjika ndani zitaendelea kukwaruza. Shughulikieni hayo kwanza, kwa sababu hayagharimu sana na huwaonyesha wazee kwamba mnatunza mlichonacho.

Kisha wekeni daftari kwa Jumapili nne. Andikeni saa, kilichotokea na chanzo: "saa 4:20, maiki ya mkalimani ililia, monita ilikuwa juu." Daftari hilo lina nguvu kuliko hotuba yoyote, maana wazee walikuwepo na walisikia. Baada ya hapo kodini au azimeni XR18 kwa siku moja ya mazoezi. Wakaribisheni mchungaji, mtunza hazina na wazee wawili, waketi nyuma kabisa. Dakika kumi zinatosha: msomaji asome Zaburi kwa miksa ya zamani, kisha asome ileile kwa mpya. Mpeni mtunza hazina ankara kifani (proforma) kutoka maduka mawili, iwe ni Kariakoo, Dar es Salaam, au Luthuli, Nairobi, pamoja na njia mbadala ya kukarabati miksa iliyopo na gharama yake. Semeni nani atashika ufunguo wa boksi. Ombi lifike kabla bajeti ya mwaka mpya haijafungwa.

Wanaorekodi ibada wajue kwamba XR18 haina tundu la flashi. Hurekodi chaneli zote 18 kwa USB kwenda kwenye kompyuta, na waya wa USB usizidi mita tano, kwa hiyo kompyuta ikae jukwaani. Kwa matangazo ya moja kwa moja, unganisheni monita ya 5 na ya 6 ziwe stirio, mpange sauti yake peke yake, kwa sababu dramu zinazosikika ukumbini bila maiki hazitasikika kwenye simu ya mtazamaji. Monita za jukwaani zitabaki nne.

Kwa ukumbi wa ndani wenye kwaya kadhaa na bajeti ya wastani, tunaipendekeza bila kusita. Kwa kanisa ambalo huduma yake kubwa ni mikutano ya injili viwanjani, hatuipendekezi kama miksa kuu: juani kioo cha tableti hakisomeki, na fundi atalazimika kufanya kazi chini ya turubai akiwa na kompyuta, mbali na watu anaowapangia sauti.